Kutoa Loki, na Mgonjwa Niliyemwandika "Hanywi"

Mmeniomba niwaandikie kitu cha kuweka kwenye ile droo ya chumba cha matabibu, pale mnapohifadhi vikombe na miongozo ambayo hakuna anayeisoma. Nimestaafu miezi minne sasa. Kila asubuhi hapa nyumbani Kola mkono wangu bado unapapasa shingoni kutafuta stethoskopu, na unakuta ukosi wa sweta. Basi nimeona heri mkono huo upewe kalamu. Habari za vyeo sitaandika. Vyeo vyangu viko kwenye faili kule ofisi ya wafanyakazi, na kama faili limepotea, sitalilia. Nitaandika kuhusu neno moja la walevi, jinsi nilivyolijua, na jinsi kulijua kulivyokosa kunisaidia siku nilipolihitaji kuliko siku zote.

Neno lenyewe ni kutoa loki. Ninyi mmekua mkilisikia, kwa hiyo hamlishangai. Mtu amekunywa jana, leo ameamka kichwa kinagonga na vidole vinatetemeka. Anakwenda mahali anapojulikana, anameza makali kidogo, glasi ndogo, akiwa amesimama, kabla ya chai. Baada ya dakika chache mwili unafunguka na anaweza kushika jembe au chaki. Hiyo ndiyo loki, na huko ndiko kuitoa. Mimi sikulijua neno hili mpaka nilipokuwa na cheti cha utabibu mkononi, jambo linaloonyesha cheti kilikuwa na upungufu.

Nyumbani kwetu hapakunywewa kitu. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na hata dawa ya kikohozi aliinusa kwanza kabla ya kuturuhusu tuimeze. Nilipomaliza mafunzo niliweza kuchora ini lililoharibika kwa pombe na kulipaka rangi, lakini sikuwahi kukaa meza moja na mlevi. Wakanipangia kituo cha afya upande wa Masinga, si mbali na soko la Kithyoko. Nilifika nikiwa na koti jeupe lililopigwa pasi, viatu vya kisigino, na dharau kidogo. Joto la huko lilimaliza koti na viatu katika wiki ya kwanza. Dharau ilichukua muda zaidi.

Aliyekuwa akiendesha kituo kile, hata kama karatasi zilisema vingine, alikuwa muuguzi aliyeitwa Sista Mumo. Mwanamke mfupi, mwembamba, sauti ya chini, na jicho ambalo lilikuhesabu kabla hujasalimia. Siku yangu ya kwanza alikaa kwenye kona ya chumba akikunja pamba huku mimi nikimhoji mwanamume mmoja mwenye tumbo lililovimba. Nilifuata fomu. Jina, umri, kazi, unavuta sigara, unakunywa pombe. Mtu akasema hapana, nikaandika hapana. Alipotoka, Sista Mumo hakuinua macho kwenye pamba yake.

"Daktari, huyo amekuambia hakunywangi?"

"Amesema hapana."

"Na wewe ukaandika?"

"Nimeandika."

"Sawa," akasema. "Faili imefurahi."

Nilikasirika siku nzima. Jioni nikamfuata nikamwomba anifundishe, na hilo ni mojawapo ya mambo machache niliyofanya kwa busara nikiwa na umri ule.

Sista Mumo hakumuuliza mtu kama anakunywa. Alimuuliza kuhusu asubuhi. "Ukiamka, unaanzanga na nini?" Halafu ananyamaza, anaendelea na pamba. Mtu anaanza kuhesabu: nanawa uso, nafungulia mbuzi, napitia kwa fulani natoa loki kidogo, halafu naenda shamba. Anasema bila aibu yoyote, kama vile anavyotaja mswaki, kwa sababu moyoni mwake hiyo si ulevi. Ulevi ni wa jioni, una kelele na marafiki. Loki ni ya kumwezesha kufanya kazi. Ukimuuliza juu ya ulevi atakuambia hapana, na hatakuwa amekudanganya kwa makusudi.

Pili, alimpa mtu karatasi nyepesi aishike kwenye vidole vilivyonyooshwa. Karatasi ikitikisika, anaiona yeye na anaiona mgonjwa, na mazungumzo yanakuwa mafupi. Mnaweza kuifanya hata leo, karatasi bado zipo.

Tatu, na hili ndilo alilolirudia kuliko yote, hakuna mtu mwingine chumbani wakati wa historia. "Hata kama ni bibi yake. Hata kama ni pasta. Pasta ndio kabisa." Alikuwa na jagi la njano ambalo kazi yake ilikuwa kuwatoa jamaa nje. Alimpa ndugu wa mgonjwa jagi hilo na kumwomba kwa upole akachote maji kwenye tangi la nyuma, ilhali mfereji ulikuwepo hapo hapo ukutani. Miaka yote niliyokaa naye sikuona jamaa hata mmoja aliyeuliza kuhusu mfereji.

Maneno ya wagonjwa aliyaandika kwenye daftari la shule lenye jalada la bluu. Kulikuwa na kukata maji, kupiga mtindi, makali, machozi ya simba, na mengine aliyoyaandika kwa herufi ndogo sana kwa ajili ya heshima. Tulipokosa wagonjwa mchana tulibishana kuhusu chanzo chake. Mtindi ni maziwa, kwa hiyo Sista Mumo alidhani neno lilitungwa na wanaume waliotaka kuwaambia wake zao wametoka kunywa maziwa. Machozi ya simba halikuwa na ubishi. Mtu yeyote aliyeona uso wa anayemeza chang'aa ameshaelewa. Loki ndiyo iliyotugawa. Mekanika mmoja alinieleza kwamba ni loki ya usukani: gari limelala limezimwa, na asubuhi usukani haugeuki mpaka utie ufunguo. Mwalimu wa shule ya msingi alisisitiza ni loki ya mdomo, kwa sababu yeye hakuweza kusema na darasa kabla ya kuitoa. Mzee aliyebeba magunia sokoni hakueleza kitu. Alinyoosha vidole vyake mbele yangu, vikakataa kunyooka, akasema, "Loki ni hii." Nani mkweli, sijui. Waliokuwepo neno lilipozaliwa hawakuwa katika hali ya kukumbuka. Mimi nimebaki upande wa mzee wa magunia, kwa kuwa vidole nimeviona.

Baadaye nilihamishiwa hospitali ya mjini, Machakos, ambako nilimalizia miaka mingi zaidi. Huko neno la Sista Mumo liliniletea sifa mapema, na sifa hizo zikaniharibu kidogo. Kulikuwa na mwanamume aliyelazwa kwa mguu uliovunjika. Siku ya tatu akaanza kutokwa jasho, akaona mbuzi wanatembea kwenye dari, akataka kuruka dirishani. Wadi nzima ilikubaliana kwamba amerukwa na akili, na mtu alishaanza kutafuta kamba ya kumfunga. Nilimtoa kaka yake nje, nikakaa kitandani, nikamngoja atulie kidogo, nikamuuliza asubuhi zake nyumbani zilikuwaje. Alikuwa ametoa loki kila siku kwa miaka tisa, na sasa alikuwa na siku tatu bila kuitoa. Hakuwa mwendawazimu. Mwili ulikuwa umezoea kufunguliwa na glasi ya asubuhi. Alipewa dawa zinazostahili, mbuzi wakaondoka darini, na baada ya wiki akawa mtu wa kuongea naye siasa. Tangu hapo madaktari vijana waliniita nikawaulizie wagonjwa maswali. Nilianza kutembea kwenye korido kama mtu ambaye hawezi kukosea historia.

Sasa nifike kwa Mutiso. Nimebadilisha majina, mtaa, na kazi. Nimemfanya fundi cherehani wa Mumbuni; kazi yake halisi ilikuwa nyingine, ila nayo ilitaka macho.

Aliletwa saa tatu asubuhi, siku ya mvua. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, shati safi, anatembea akiwa ameweka mkono mmoja ukutani. Aliyemleta alikuwa mama wa makamo aliyevaa kitambaa cha kichwa cha ushirika wa kina mama kanisani, mkoba kwapani, mwavuli unaotiririka maji. Benchi za nje zilikuwa zimejaa na mvua ilikuwa ikiingia mpaka kwenye korido. Mutiso aliingia chumbani. Yule mama akabaki mlangoni, nusu ndani, nusu nje, analoa.

"Mama, ingia tu," nikamwambia. "Kaa hapo."

Akasita. Nikasisitiza, nikamsogezea kiti mimi mwenyewe. Akakaa ukingoni mwa kiti karibu na mlango, akageuza uso wake kuelekea kwenye kalenda ya ukutani. Mutiso naye akageukia upande wa pili, kwenye sinki. Niliona hayo yote. Nilidhani mama anaomba.

Mimi ni Mkamba wa Kola. Najua tangu utotoni kwamba mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali sahani moja, na mama huyo halali chini ya paa la mkwewe hata kama mvua inanyesha mawe. Sisi huita nthoni, ile heshima iliyochanganyika na haya kati ya wakwe. Vijana wa mjini wanaicheka siku hizi, mpaka siku wanapooa. Ningetazama vizuri namna wale wawili walivyokaa, ningejua ninakaa na nani. Lakini nilikuwa na foleni ya watu arobaini, na nilikuwa mtu asiyekosea.

"Unaumwa na nini?"

"Kichwa. Na tumbo. Na macho haioni sawa, Daktari. Naona kama kuna maziwa mbele."

"Tangu lini?"

"Tangu niamke."

Kisha nikamuuliza. Sikumuuliza kuhusu asubuhi. Nilikuwa na haraka, nikauliza la kwenye fomu, lile lile la siku yangu ya kwanza.

"Unakunywa pombe?"

Mutiso akatazama sinki. "Hapana."

Na kutoka kwenye kiti cha mlangoni, bila kugeuza uso, yule mama akasema, "Huyu hakunywangi. Kwetu tumeokoka."

Nikaandika: Hanywi pombe. Nikamwekea dripu, nikampa dawa ya maumivu, nikaagiza vipimo vya malaria na homa ya uti wa mgongo, nikamlaza kitanda cha karibu na dirisha, nikamwita mtu wa pili kwenye foleni. Mpaka leo naikumbuka sura ya mtu huyo wa pili. Alikuwa na jipu.

Saa saba na robo nilipita kumwona. Vipimo vilikuwa vimerudi safi. Alikuwa akipumua haraka na kwa kina, kama mtu aliyepanda mlima, na alipogeuka kuelekea sauti yangu, macho yake yalitua pembeni mwangu.

"Daktari, huyo mama ameenda?"

"Ameenda kumpelekea bibi yako chakula." Nilikuwa nimeshajua kufikia hapo kwamba mke wake, Kalondu, alikuwa amejifungua siku kumi zilizopita, na kwamba mama huyu, Mama Kalondu, alikuwa amekuja mjini kumsaidia, akilala kwa jirani.

"Ameenda kabisa?"

"Kabisa."

Akavuta pumzi. "Basi nikuambie. Jana asubuhi nilitoa loki. Pale kwa kawaida walikuwa wamefunga, nikaenda kwa jamaa mwingine. Ilikuwa na ladha ingine, lakini mkono ilitulia, nikashona mpaka jioni. Sasa leo ni hii."

Kuna vinywaji vya magendo ambavyo watu wabaya huongeza kemikali za viwandani ili viwe vikali. Sumu ile hailipuki siku hiyo hiyo. Inalala mwilini, inageuka, na kesho yake inaanza na macho. Kila saa ina maana. Mimi nilikuwa nimetumia saa nne kutafuta malaria.

"Kwa nini hukuniambia asubuhi?"

Hata katika hali ile alinishangaa. "Mbele ya muthoni wangu?"

Mkwe wake. Mama wa mke wake, jambo nililokuwa nimeshaambiwa bila kulifikiria. Nilisimama pale na faili mkononi, nikaona tena kiti nilichomsogezea.

"Na usimwambie," akasema, akanishika mkono wa koti. "Tafadhali, Daktari. Heri nisione kuliko huyo mama ajue."

Daktari wa zamu alikuwa kijana aliyetoka upande wa kati, mtu makini. Nilimpigia, akaja mbio. Aliniuliza swali moja tu: historia ilichukuliwa saa ngapi? Nikasema saa tatu. Akatazama saa yake, kisha akatazama kwingine, na hilo ndilo karipio kali kuliko yote niliyopata kazini. Akapanga gari la kumpeleka Nairobi kwenye mashine ya kusafisha damu. Lakini kabla ya gari kufika palihitajika dawa ya kuizuia sumu isiendelee kugeuka, na dawa hiyo, kama mnavyofundishwa, ni pombe safi yenyewe, iliyopimwa kwa uzito wa mgonjwa na kwa saa, daktari akisimamia. Ile ya sindano haikuwepo siku hiyo. Akaniagiza ya kunywa, iliyo halali na yenye muhuri, na upesi.

Nilivuka barabara na koti langu jeupe mpaka supamaketi. Binti wa kaunta alitazama chupa, akatazama stethoskopu.

"Daktari, sasa. Leo mko na sherehe?"

"Ni dawa."

"Ndiyo," akasema akinipa risiti, "wote husemanga hivyo."

Siku nyingine ningecheka. Nilirudi nikikimbia, mtoto wa mzee wa kanisa na chupa kwenye mfuko wa karatasi. Daktari akapima, mimi nikashika kikombe, Mutiso akanywa huku akikunja uso. Nilipoinua kichwa, Mama Kalondu alikuwa amesimama mlangoni mwa wadi na chupa ya chai ya moto mkononi. Nikaifunika ile chupa nyingine kwa taulo. Nilichelewa, lakini niliifunika.

Hakuingia. Aliniita kwa kidole, tukaenda kusimama kwenye korido penye dirisha.

"Hiyo unampea ni nini?"

"Ni dawa, mwaitu," nikasema, nikimwita mama kwa lugha yetu ili nipate pa kujificha. Tena haikuwa uongo.

"Hiyo dawa naijua harufu. Mzee wangu alikunywa hiyo mpaka ikamzika." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya maharagwe. "Najua huyu mtoto anakunywa. Tangu siku ya kwanza nimekuja kuona mjukuu. Asubuhi anatoka bila chai, mkono unatetemeka. Anarudi, mkono imetulia, anaingiza uzi kwa sindano mara moja. Mimi nimeishi na mkono kama hiyo. Unaweza nificha nini?"

"Sasa asubuhi, kwa nini uliniambia hanywi?"

Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Uliuliza sisi wote tukisikia. Ulitaka niseme nini? Mtu nimempea msichana wangu, nimvue nguo mbele ya watu? Ungeniita nje, ningekuambia yote. Nilikuwa nangoja uniite nje."

Watu wawili walikuja kwangu asubuhi ile, wote wawili wakijua ukweli, na kila mmoja alikuwa tayari kunipa akiwa peke yake. Mimi ndiye niliyewaweka chumba kimoja, kwa wema, kwa sababu ya mvua.

"Atakuwa sawa?" akauliza.

"Sijui, mwaitu. Tumechelewa. Kosa ni langu."

Akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Kisha akanipa ile chupa ya chai nimpelekee, kwa kuwa yeye hakuweza kumkaribia kitandani. "Na usimwambie najua. Akijua najua, atashindwa kukaa kwa hiyo nyumba. Ataacha msichana wangu na mtoto. Niahidi."

Nikaahidi. Katika saa moja nilikuwa nimeahidi watu wawili kitu kimoja, kutoka pande mbili.

Gari liliondoka na Mutiso saa tisa kasoro. Nilibaki nikafungua faili, nikakata lile neno langu kwa mstari mmoja ili lisomeke bado, nikaandika la kweli pembeni, saa, na sahihi. Msifute kamwe kosa mpaka lisionekane. Likionekana linawafaa wengine, na linakufaa wewe pia, ingawa kwa uchungu.

Mutiso aliishi. Damu ilisafishwa, ini likapona, pombe akaiacha kwa msaada na kwa kuanguka mara mbili tatu njiani, kama wengi. Macho hayakurudi. Anatofautisha mwanga na giza, na upande wa kushoto anaona kivuli cha mtu akipita. Kalondu alijifunza cherehani yeye mwenyewe, na Mutiso akawa mtu wa kupima vitambaa kwa vidole na kuzungumza na wateja, kazi ambayo aliifanya vizuri kuliko nilivyotegemea. Daktari wa macho wa Nairobi aliwahi kuniandikia kwamba hakuna anayeweza kusema kama saa nne zile zingebadilisha kitu. Barua hiyo ninayo. Ni barua ya mtu mwema, na sikuiamini hata siku moja.

Tangu siku ile sikumwacha jamaa chumbani wakati wa historia, awe analoa, awe analia. Nilinunua jagi langu. Na nilianza kuuliza swali ambalo Sista Mumo hakulifundisha kwa sababu yeye alikuwa akiliona kwa macho: huyu aliyekuleta ni nani kwako? Liulizeni mapema. Jibu lake hubadilisha uzito wa majibu mengine yote kwenye ukurasa.

Mama Kalondu tulionana kwa miaka, hasa hapa Kola, kwa kuwa nyumbani kwake si mbali na kwetu. Kila msimu wa mavuno aliniletea mbaazi. Hatukuzungumza tena kuhusu siku ile. Niliona jinsi alivyoishi na mkwewe, akiongea naye kutoka upande wa pili wa ua, akimtumia salamu kupitia mtoto, akimsifu mbele ya wanawake wa kanisa kwamba ana mkwe mwenye adabu. Kila aliposema hivyo nilitazama chini.

Wiki mbili kabla sijastaafu, Mutiso alikuja kliniki kupimwa presha. Kalondu alimketisha, akaenda dirisha la dawa. Tulibaki wawili. Mama Kalondu tulikuwa tumemzika mwezi uliopita, na mimi nilikuwa mazishini, nyuma, na wanakijiji wengine.

"Daktari," akasema, "nilitaka kukushukuru kabla uende. Ile siku."

"Mutiso, ile siku si ya kunishukuru. Ile siku nilikukosea. Nilikuambia."

"Uliniambia, na tulimaliza. Mimi nashukuru ile ingine." Alikuwa ameweka mikono kwenye magoti, mikono iliyotulia. "Macho ilienda, sawa. Lakini huyo mama aliniheshimu mpaka akafa. Kila mahali, mkwe wangu, mkwe wangu. Unajua mimi nilikuwa nasikia hiyo naishiwa na nguvu? Kama angejua, singeweza kusimama kwa kaburi yake. Ni wewe ulinifichia." Akanigeuzia sikio. "Hakujua, ama?"

Ahadi yangu kwa mama yule ilikuwa ya kumlinda huyu asikimbie nyumba, na sasa nyumba ilikuwa imesimama miaka mingi. Nilitaka kumwambia. Nilitaka ajue kwamba aliheshimiwa na mtu aliyekuwa akijua kila kitu, tangu asubuhi ya kwanza, na kwamba heshima ya namna hiyo ni kubwa kuliko ile aliyodhani amepata. Pia nilitaka, niseme ukweli, kupunguza mzigo wangu mwenyewe, na hapo ndipo nilipojishuku. Yeye alikuwa akingoja, shingo imeinama kidogo, kama alivyosubiri siku ile kitandani nimwambie kama mama yule ameenda kabisa.

"Hakujua," nikasema.

Nilimtazama machoni nilipokuwa nikisema hivyo. Haikuwa vigumu, kwa sababu hanioni.